Mgongo umepona, nyumbani hapakaliki

Shikamoo dada,

Nina miaka 46, nina mke na watoto watatu, wawili wako sekondari. Nafundisha gofu kwenye klabu moja huku kaskazini mwa Tanzania. Naomba usitaje jina langu wala mji, maana gofu ya huku ni ya watu wachache na wote tunajuana.

Sikuingia kwenye mchezo huu kwa mlango wa matajiri. Nilianza nikiwa na miaka 12, natafuta mipira iliyopotelea kwenye majani, kisha nikawa kedi: nabeba begi la mtu mashimo 18, jioni narudi nyumbani na hela ya unga. Fimbo yangu ya kwanza ilikuwa imevunjika, nikaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Leo nafundisha. Siku yenye wanafunzi wengi napiga mipira 200 nikiwaonyesha, na yote upande uleule mmoja.

Mgongo ulianza miaka mitatu iliyopita, huku chini, upande wa kulia. Mwanzoni uliuma jioni tu. Baadaye kuvaa soksi asubuhi ikawa kazi. Ikafika mahali nikitaka kuokota mpira shimoni naegemea fimbo kama mzee wa miaka 80, na makedi wanageuka pembeni nisiwaone wanavyocheka. Nilikwenda hospitali, nikapigwa picha, nikaambiwa hakuna kilichovunjika, nipumzike. Nipumzike, watoto wale nini? Nikawa mtu wa diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la dawa, miaka miwili, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na ndiye kiongozi wa kina mama wa maombi kanisani kwetu. Alinihangaikia kweli. Kila usiku alinichua kwa mafuta ya mzeituni yaliyoombewa na mchungaji.

Mwaka jana mwezi wa tisa, mwanachama mmoja wa klabu, mama wa Kihindi mstaafu, aliniona ninavyoinuka kwenye kiti. Akaniambia anafundisha yoga, na kwamba akinipata Jumanne na Ijumaa saa 12 asubuhi atanisaidia bila malipo. Tukawa tunafanyia kwenye stoo ya mabegi kabla klabu haijafunguliwa. Mimi nilidhani yoga ni kujikunja kama nyoka wa maonyesho. Kumbe mwezi mzima wa kwanza ilikuwa kupumua, kupiga magoti na kuweka mikono chini halafu kuukunja mgongo kama paka aliyeona mbwa, na kulala chali nikivuta goti mojamoja kifuani. Aliniambia, "Mwalimu, nyonga zako zimefungwa kama duka siku ya sikukuu."

Dada, baada ya miezi minne nilianza kulala usiku mzima. Sijanunua kidonge tangu Januari. Bega linageuka mpaka mgongo wangu unaiangalia bendera ya shimo ninalolenga, jambo ambalo nilikuwa nawafundisha watu huku mwenyewe siliwezi. Hata mpira wa karibu na shimo, ule wa hatua moja unaoaibisha watu, siku hizi natoa pumzi kwanza ndipo napiga, na mikono inatulia.

Sasa tatizo. Sikumwambia mke wangu. Mchungaji aliwahi kuhubiri kwamba yoga ni kuabudu miungu ya watu, nikaona nisianzishe vita. Nikamwambia kuna mwanachama anataka somo kabla ya kwenda kazini. Basi mgongo ulipopona, mwenzangu alijua ni mafuta. Jumapili moja ya Februari akasimama kutoa ushuhuda, akaniita mbele. Mchungaji akaniambia niiname niguse vidole vya miguu. Nikainama, nikagusa. Vigelegele vikapigwa mpaka mabati yakaitikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wiki tatu zilizopita ujumbe uliingia kwenye simu yangu usiku: "Kesho usichelewe, na mkeka wako usisahau." Mke wangu akausoma. Ikabidi niseme yote. Nilidhani atashusha pumzi akijua si mambo ya mwanamke. Alinyamaza, halafu akasema: "Afadhali ingekuwa mwanamke. Hapo ningejua pa kuanzia."

Tangu siku hiyo tunaongea ada na unga basi. Chupa ya mafuta iko juu ya kabati, haijaguswa. Kwa mchungaji hajasema neno. Kwangu anasema nimemfanya mwongo mbele za Mungu. Nifanyeje? Niache yoga ndoa ipone, mgongo urudi nikose kazi? Au niendelee, litakalokuwa na liwe? Na je, kweli yoga ni dini? Mimi sijamwomba mungu mwingine, ingawa tukimaliza yule mama hukutanisha viganja na kusema namaste, nami hujibu.

Mwalimu wa gofu

*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale ulipoinama mbele ya kanisa. Nitaparudia. Kwanza nikiri kwamba gofu mimi naijua ya kuipita barabarani, nikijiuliza watu wazima wamepoteza nini kule majanini. Kwa hiyo habari za mgongo nimemuuliza mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ninayemwamini, akanichora mpaka mifupa kwenye karatasi.

Nikikuelewa, unaniuliza uchague kimoja, mgongo au ndoa. Mimi naona umefunga fundo moja lenye nyuzi nne: mwili, imani, kazi, na lile la kanisani. Tulifungue taratibu, tusije tukakata uzi usiohusika.

Mwili kwanza, maana huo ndio rahisi. Pingili tano za chini za uti wa mgongo zimeumbwa kuinama na kunyooka. Kuzunguka zinazunguka kidogo mno. Ukipiga mpira, mzunguko unatakiwa utoke kwenye nyonga na kwenye ile sehemu ya mgongo iliyoshikana na mbavu. Nyonga zikikaza, mwili hauachi kuzunguka, unakwenda kukopa kule chini, na mkopo huo unadaiwa usiku ukiwa kitandani. Mipira 200 kwa siku, upande uleule, ni mikopo mingi. Si wewe peke yako. Seve Ballesteros, yule Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, mgongo ulimtesa miaka mingi ya uchezaji wake. Tiger Woods alipasuliwa mgongo mara nne kati ya 2014 na 2017, ya nne wakamuunganisha pingili, ndipo akaja kushinda Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, mwaka 2019. Hao walikuwa na madaktari wa kuwafuata uwanjani. Wewe ulikuwa na duka la dawa.

Kwa hiyo ulichokipata kwenye ile stoo kina maelezo. Paka wako anaamsha pingili moja baada ya nyingine, goti la kifuani linalegeza nyonga, na kujisokota pande zote mbili kunaurudishia mwili ule upande ambao gofu imeusahau. Ukisimama kwa mguu mmoja unajifunza kumalizia pigo juu ya mguu wa kushoto bila kuyumba. Na ile pumzi unayotoa kabla ya kupiga mpira wa hatua moja, mwalimu yeyote wa yoga angekuambia ndiyo somo lenyewe, mengine yote ni maandalizi. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini yaanze kutibiwa bila dawa, na yoga waliiweka kwenye orodha. Lakini mwaka huohuo wachambuzi waliokusanya tafiti nyingi pamoja walikuta kwamba yoga inamsaidia kiasi mtu ambaye hafanyi mazoezi yoyote, na ikilinganishwa na mazoezi mengine ya mgongo tofauti ni ndogo. Hili la pili liweke mfukoni, utalihitaji.

Mtaalamu wangu kaniachia maagizo machache. Saa 12 asubuhi diski za mgongo, zile laini zilizo kati ya pingili, zimejaa maji kwa kulala usiku kucha, hivyo usikimbilie kuinama kwa nguvu kugusa vidole; tembea kwanza, piga mizunguko midogo. Usijinyooshe kwa kushikilia muda mrefu halafu ukaenda moja kwa moja kupiga mpira, nguvu hupungua kwa muda. Hayo fanya jioni, na kabla ya kucheza zungusha mwili kwa kutembea-tembea. Mguu ukianza kufa ganzi au kukosa nguvu, ukapata ganzi katikati ya mapaja, au haja ndogo ikagoma, acha kila kitu uende hospitali siku hiyohiyo. Na hilo tumbo lililowaka baada ya miaka miwili ya diklofenaki, umelipima? Hujasema. Dawa hizo zinaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo kimyakimya.

Sasa imani. Umeuliza kama yoga ni dini, na umeuliza kama mtu anayetaka aambiwe si dini ili amalize ubishi nyumbani. Silaha hiyo sitakupa. Yoga ilizaliwa India, ndani ya dini za kule. Kwenye maandiko ya kale ya yoga yanayoitwa ya Patanjali, mikao ya mwili ni kiungo kimoja tu kati ya vinane, na safari yote inaelekea kwenye kutuliza akili na kuzama ndani. Mikao mingi inayofundishwa leo kwenye kumbi za mazoezi ilipata sura yake karne iliyopita. Mwalimu Krishnamacharya aliifundisha kwenye kasri la Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930, na wanafunzi wake ndio walioitembeza duniani. Kwa hiyo anayesema ni mazoezi anashika kitu cha kweli, na anayesema ina mizizi ya ibada naye anashika kitu cha kweli. Waislamu wamehangaika na swali hilihili: baraza la maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza yoga yenye maombi ya Kihindu, likaacha ile ya mazoezi matupu, na Saudi Arabia mwaka 2017 ikaitambua kama mchezo. Wakristo nao wamegawanyika. Wapo wanaoacha maneno na kubaki na mwili, wapo wanaosema mti huwezi kuutenga na mzizi wake. Mkeo akisimama na hao wa pili, si kwa ujinga. Namaste yenyewe ni salamu ya kuinamia mtu, Wahindi wanasalimiana nayo hata barabarani, lakini aliyekatazwa na dhamiri yake hatulizwi na kamusi. Ulishawahi kumwambia yule mama kwamba ungependa kumaliza kwa kushukuru tu, kwa Kiswahili? Pengine angekubali hata kabla hujamaliza sentensi.

Nije pale nilipokwama. Unaandika kama vile mkeo ameichukia yoga. Sina uhakika. Rudia maneno yake mwenyewe: umemfanya mwongo. Mwanamke huyu alisimama mbele ya watu anaowaongoza, akataja jina la Mungu, akakuita wewe uwe ushahidi wake. Wewe peke yako pale mbele ndiye uliyejua kuna stoo ya mabegi. Ukanyamaza, ukainama. Sikulaumu kwa kunyamaza dakika ile, nani angefungua mdomo mabati yanaitikia? Ila ilikuja Jumatatu, ikaja Jumanne, na Jumanne ulichukua mkeka ukaenda. Wiki hizo zote pengine zinamuuma kuliko mkao wowote wa paka.

Kingine. Umeandika kama vile ni hakika kwamba yoga ndiyo iliyoponya na mafuta hayakufanya kitu. Umejuaje? Miezi ile minne ulipokuwa unakwenda stoo, alikuwa ameacha kukuchua usiku? Barua yako haisemi ameacha. Mikono ya mtu anayekupenda, kila usiku, misuli ikilegea kabla ya kulala, na maombi juu yake: mimi siwezi kupima sehemu ya kila kimoja, na mtaalamu wangu naye alitabasamu tu nilipomuuliza. Lakini angalia usimpelekee hili kama hila ya wakili, kwamba "ushuhuda wako haukuwa uongo kwa hiyo tuyamalize". Atakunusa. Litoke moyoni mwako tu ikiwa kweli unaliamini.

Ukiiacha yoga kabisa, utakuwa umemwonyesha kwamba yeye ni mkubwa kuliko starehe yako, na hilo si dogo. Hofu yangu ni mwezi wa tatu au wa nne, soksi zikianza kukushinda tena, utamwangalia kwa jicho gani? Mtu anaweza kutoa sadaka halafu akaidai kidogokidogo maisha yake yote. Ukiendelea kwa siri, hapo nadhani hata wewe umeshajijibu. Simu hulia usiku.

Njia nyingine ni ile niliyokuambia uweke mfukoni. Mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini anaweza kukupangia mazoezi ya nyonga na mgongo yasiyo na jina la yoga, na kwa maumivu kama yako yanaweza kukufikisha karibu palepale. Gharama ipo, na sijui kama una bima. Ila kuna mtego. Paka akikunja mgongo hospitalini au stoo ni paka yuleyule, na mkeo ana macho. Ukienda huko kwa ajili ya kubadilisha jina tu, itaonekana umehamisha siri kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Ukienda naye, akakaa kwenye benchi akauliza maswali yake yote, hiyo ni habari tofauti.

Umefikiria kumkutanisha na yule mama? Wengine wangekushauri hivyo haraka. Mimi nasitasita. Kwa upande mmoja ataona ni bibi mstaafu mwenye huruma. Kwa upande mwingine, hebu kaa kwenye kiti cha mkeo: mwanamke mwingine, mwenye uwezo, aliyejua maumivu ya mumewe asubuhi mbili kila wiki wakati yeye anadhani anayajua peke yake. Kukutana huko kukifanyika, kutoke kwenye mdomo wake yeye. Na wewe nawe huna uhuru wote hapo, maana yule ni mwanachama na wewe ni mfanyakazi. Kumwambia "nasimama kwa muda, nina jambo nyumbani" kunawezekana bila kumvunjia heshima. Ujumbe wa usiku pia unaweza kuombwa uje mchana.

Kuhusu mchungaji, tafadhali usimkimbilie kabla ya mkeo, hata kama nia ni kujitakasa. Ushuhuda ule ulitoka kinywani mwa mkeo, na akiamua kuurekebisha, kuuongezea au kuuacha kama ulivyo, hiyo ni njia yake na Mungu wake. Unaweza kumwambia kwamba siku yoyote atakayotaka kusimama tena, utasimama pembeni na safari hii utasema mwenyewe. Anaweza kukataa. Anaweza kukaa na jambo hili miezi. Wiki tatu kwake ni chache.

Sijui utaanzia wapi, na sioni kama ni kazi yangu kukupangia. Ningekuwa wewe ningeweka yoga pembeni katika mazungumzo ya kwanza kabisa, nizungumzie ile Jumapili tu, bila "lakini" hata moja. Siku nyingine ndiyo mambo ya mgongo. Ila wewe ndiye unayejua anasikiliza saa ngapi vizuri, kama ni usiku watoto wakilala au asubuhi kabla hajawasha pasi ya mkaa.

Jambo moja la mwisho, limenijia nikisoma mara ya tatu. Umenieleza mgongo wako upande, saa na sababu, mpaka na soksi. Mwenzako anainamia cherehani kutwa nzima, na msimu wa kufungua shule nadhani anakesha. Mistari yote hiyo hukuandika kama wake unauma. Muulize, halafu uniandikie amejibu nini.